Wako Ndani au Wako Nje

Wanangu mnaoanza kazi ya maabara, mkiingia chumba cha kukatia tishu mkakuta feni imezimwa, na aliyekaa pale jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi, msiiwashe kwa huruma. Mimi niliiwasha. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, Tanga ile ya kiangazi ambayo hata paka hatafuti ugomvi, na nikadhani yule baba aliyeinamia mashine ameshindwa tu kuifikia swichi. Utepe wa nta aliokuwa ameuhangaikia asubuhi nzima ukapaa. Kipande kimoja kikatua juu ya upara wake, kikanata hapo hapo. Akainuka polepole, akanitazama, akauliza:

"Weye kabila gani?"

"Mzigua, baba. Wa Mwera, huko Pangani. Shikamoo."

"Nilijua tu. Shikamoo yako rudi nayo kwenu. Miye Mnyamwezi. Mtani hanisalimu, mtani ananiharibia kazi."

Ndivyo nilivyoonana na Mzee Shija, aliyenifundisha kila ninachokijua. Alizaliwa kambi ya mkonge, si mbali na kwetu Mwera. Baba yake alitoka bara kuja kukata mkonge, akafia huku huku. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, mimi Mwislamu, mtoto wa chuo cha Kurani, na Kinyamwezi chake kilikuwa kimebaki cha kugombezea tu. Lakini utani hakuuacha.

Nyinyi wa siku hizi utani mnaoujua ni wa mpira. Utani wa makabila ulikuwa mkataba. Wazee wetu walisimulia kwamba misafara ya Wanyamwezi ilipita nchini kwetu na mizigo kichwani, babu zetu wakawazibia njia, wakapigana mpaka wakachoka, kisha wakawekeana utani ili damu isimwagike tena. Tangu hapo mtani akikutukana hukasiriki. Akikukamatia kuku uani, unacheka na kumtafutia kamba ya kumfungia. Ukimnyanyulia mkono, yeye anataja neno moja tu, "mtani," na mkono unashuka wenyewe. Na akifa, wewe ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo zake na kuigiza mwendo wake mbele ya waliofiwa, na hakuna wa kukuzuia.

Kwa hiyo kila asubuhi nilipofika mlangoni pa maabara na kupiga hodi, yeye alijibu kutoka ndani: "Leo hakuna mihogo, Mzigua, rudi kwenu!" Nami nikajibu: "Nimekuja kuona kama mzigo wa babu zenu umeshatuliwa." Hapo ndipo kazi ilianza. Siku aliyojibu "karibu" peke yake, nilijua kuna kioo cha darubini chenye habari mbaya mezani.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua mtaniuliza. Kipande cha nyama ya mgonjwa kikikatwa kule chumba cha upasuaji, kinataka kuingia kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, upesi, na fomalini iwe nyingi, ikizamishe. Tuliletewa vipande vilivyofungwa kwenye shashi kavu kama vitumbua vya jana. Tuliletewa uvimbe mkubwa uliosukumiwa ndani ya chupa ya shingo nyembamba, ukaingia ukiwa laini, ukagandia humo, na hakuna wa kuutoa bila kuvunja chupa. Mzee Shija aliwapigia simu wenye chupa hizo na kuwauliza, kwa adabu kabisa, kama wao hupika wali ndani ya birika.

Baada ya fomalini unakausha maji kwa spiriti, unazamisha kwenye nta ya moto, unaiacha igande iwe kibonge, halafu unakikata kwa mashine, vipande vyembamba kuliko utando wa juu ya maziwa. Na hapo joto la Tanga ndilo lililokuwa adui yetu. Nta ikilainika kipande kinajikunja. Friji yetu iliharibika mara nyingi kuliko ilivyofanya kazi, basi tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukalaza vibonge juu yake. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuinama kwenye darubini, akainua kichwa, akauliza kwa nini tezi la mgonjwa linanukia samaki changu. Tulimwambia ndiyo Tanga hiyo, atazoea.

Kisu tulikinoa wenyewe, kwenye jiwe kisha kwenye mkanda wa ngozi. Nyinyi mna visu vya kutumia na kutupa, na siwaonei wivu, maana vidole vyangu hivi vina alama za miaka yote. Pumzi ndiyo inayobaki ile ile. Unapokishusha kipande juu ya maji ya uvuguvugu, unaibana pumzi. Mzee Shija alikuwa na mafua ya vumbi, na aliwahi kupiga chafya mara moja tu juu ya beseni. Nilimkumbusha chafya hiyo mpaka alipostaafu.

Kisha rangi. Buluu inashika kiini cha seli, waridi inashika sehemu zilizobaki. Unaweka chini ya darubini, na hapo ndipo siku moja Mzee Shija aliponivutia kiti.

"Unaona nini?"

Niliona saratani. Ilikuwa ya titi. Nilikwisha kuijua sura yake: seli kubwa kubwa, viini vimevimba, kila moja na umbo lake, zimesongamana bila mpango. Nikasema, "Namwona mwizi."

"Kila mtu anamwona mwizi. Tazama majirani."

Pembeni mwa zile seli kubwa kulikuwa na vidoa vidogo, vya duara, vya buluu iliyoiva, kama punje za ulezi zilizomwagika. Nilikuwa nimeviona siku zote nikavipita. Akaniambia hao ndio walinzi wa mwili, seli za kinga, wale wanaoua vijidudu vya homa. Wametoka kwenye damu wakamfuata mwizi mpaka nyumbani kwake. "Sasa angalia wamesimama wapi," akasema. "Wako ndani au wako nje?"

Tangu siku hiyo sikuacha kuangalia. Kuna uvimbe ambao wameingia mpaka katikati, wamepenya baina ya seli za saratani, na pale waliposhika unaona seli kubwa zimenyauka na kuvunjikavunjika. Kuna uvimbe ambao wamejazana ukingoni, wengi, wamepanga safu, lakini hakuna hata mmoja aliyevuka. Na kuna uvimbe ambao hakuna mlinzi kabisa, mwizi amekaa peke yake kama mwenye mji. Vilevile kuna wale walinzi wakubwa, wala-uchafu, ambao kazi yao ni kufagia seli zilizokufa. Hao wakikaa sana na saratani hugeuka, wakaanza kuilisha na kuichimbia njia za damu. Mzee Shija hakuwapenda. Aliwaita mgambo wa kununuliwa.

Lakini hatukujua kwa nini wale wa ukingoni hawaingii. Aliyetueleza ni Daktari Neema, bingwa wetu wa patholojia, mama wa Kishambaa mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosea. Alikuwa amerudi kutoka masomoni, na alikuwa na tabia nzuri ya kuja kukaa nasi chumbani mwetu wakati wa chai, badala ya kutuita kwake. Akasema: mlinzi ana kitu kama mkono juu ya ngozi yake. Seli zetu nzuri nazo zina mkono wa kuupokea. Zikishikana, mlinzi anatulia, anajua hapa ni kwa ndugu. Mwili uliweka hivyo ili walinzi wasitumalize sisi wenyewe. Sasa saratani nayo inatoa mkono ule ule. Mlinzi anafika na silaha yake, anapewa mkono, anatulia. Wengine wanashikiliwa hivyo mpaka wanachoka, wanabaki wapo tu, hawana nguvu ya kufanya lolote.

Mzee Shija akaweka kikombe chini.

"Daktari, huo ni utani."

"Si utani, mzee, ndivyo ilivyo."

"Nasema huo ni utani! Mwizi anamwambia mlinzi, mimi mtani wako, na mkono unashuka. Mbona ndivyo huyu Mzigua anavyokula chakula changu kila siku?"

Daktari Neema alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema kuna dawa mpya, kazi yake ni kuuziba ule mkono, usishikwe. Haiui saratani yenyewe. Inauvunja utani tu, walinzi wakafanya kazi yao. Mzee Shija akafikiri, akauliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Na ukishavunjwa, hawatawapiga na watani wa kweli?" Daktari akamwambia ndiyo, hiyo ndiyo hatari yake. Kwa wengine walinzi hugeukia ngozi, matumbo, tezi, wakaumiza mwili ambao haukukosa. Utani haukuwekwa bure. Baadaye nilimsikia Daktari akiwaeleza wagonjwa kwa mfano huo huo, na wakaelewa.

Mzee Shija alistaafu kabla yangu. Alirudi Mwera na mkewe, Mama Kabula, wakalima minazi na mihogo, ile ile aliyoninyima kila asubuhi. Na mimi nikabaki na mashine, mlango ukiwa kimya. Vijana waliokuja walikuwa wazuri, wananiitikia "karibu mama" kwa heshima. Nilikuwa nasimama kidogo pale kizingitini kila asubuhi, kama mtu aliyesahau kitu.

Nilikwenda kwao kila Idi nilipokuja kusalimia nyumbani. Idi moja nikamkuta barazani amevaa soksi nzito na makubazi, jua limewaka.

"Mnyamwezi na soksi! Kwenu kuna barafu siku hizi?"

"Najifia polepole, mtani, nikusubirishe. Najua umekuja kutazama vyungu utakavyopora."

Nikacheka. Nikamwambia afe upesi, vyungu vyenyewe vina nyufa. Akaendelea: kakanyaga mwiba wa baharini huko pwani ya Ushongo alikokwenda kununua samaki, na mwiba wa Kizigua hautoki mpaka ulipwe. Nikacheka tena. Halafu nikamtazama Mama Kabula, aliyekuwa akichambua mchele pembeni yetu. Mama Kabula alikuwa mtu wa kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Siku hiyo mabega yalikuwa yametulia.

Hapo nikaacha kucheka. Nilimjua huyu mtu. Kila nilichokisema, alinipa mkono, na mimi nikatulia.

"Mzee Shija," nikamwambia, "naomba uvue soksi."

"Unaniita mzee?"

"Leo miye si mtani wako. Vua soksi, baba yangu. Shikamoo."

Hiyo shikamoo aliyoikataa siku ya kwanza, sikuwahi kumpa tena mpaka siku hiyo. Akayasukuma makubazi pembeni kwa mguu. Kisha akainama, akavua. Kwenye kisigino palikuwa na baka jeusi, limeenea bila mpaka, katikati pamechimbika na kulowa. Hakuna mwiba wa kufanya vile. Mimi na yeye tulikuwa tumeshaona saratani ya namna hiyo, ile inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi weusi wake, na kwetu watu weusi inapenda kujificha unyayoni. Alijua. Alijua kabla yangu.

"Kwa nini hukuja?"

"Kipande kitapita mkononi mwako," akasema. "Hapana mwingine wa kukikata. Sikutaka kukupa kazi hiyo."

Nimeandika sentensi hiyo, na imebidi niweke kalamu chini kwanza.

Tulikwenda Tanga. Daktari wa upasuaji akanyofoa kipande, nacho kikapita mkononi mwangu. Vijana walitaka kunipokea, nikakataa. Nilizima feni, nikalaza kibonge juu ya barafu, nikakata utepe mrefu usio na mkunjo hata mmoja, na wakati wote nilimsikia akinisuta, "Polepole, Mzigua, hapa si shambani." Nikapaka rangi, nikampelekea Daktari Neema. Alikuwa na darubini ya watu wawili. Akatazama, akaniashiria nikae upande wa pili.

Mwizi alikuwepo, na wino wake mweusi ndani. Lakini katikati yake, baina ya seli na seli, punje za ulezi. Nyingi. Wameingia. Daktari akasema, "Dalili njema hii, mama. Si ahadi, lakini njema." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikalia kwa furaha kama mwehu.

Walimkata kisigino, wakamtia ngozi ya paja. Akapona akiwa na kilema cha kutembea ubavu ubavu, bega moja juu. Nikamwambia sasa kila mtu anaona bado kabeba mzigo wa babu yake. Alimwona binti yake Kabula akiolewa, akashika mjukuu. Nami nasema ni wale walinzi waliotupa miaka ile, pamoja na kisu cha daktari. Hakuna wa kuniambia vingine.

Kisha ukatoka mtoki kwenye kinena. Nikaukata nao. Mtoki, wanangu, ni nyumba ya walinzi wenyewe, humo ndimo wanamokaa na kufundishwa kazi. Chini ya darubini nilikuta saratani imekaa humo kama mwenye nyumba, na wenyewe wamebanwa ukutani, uzi mwembamba wa buluu pembezoni. Picha ya kifua ikaonyesha imeshafika na mapafuni. Zile dawa za kuvunja utani, wakati ule kwetu tulizisikia tu. Daktari Neema aliandika, akapiga simu, akaulizia mpaka Dar es Salaam, na majibu yalikuwa ni kungoja. Yeye hakuwa na nafasi ya kungoja.

Daktari alimweleza yote, bila kumficha na bila kumkata moyo, mimi na Mama Kabula tumekaa pembeni. Mzee Shija akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akasema:

"Daktari, umesema vizuri, umesema kama daktari. Sasa niruhusu nimsikie mtani wangu." Akanigeukia. "Wako ndani au wako nje?"

Daktari Neema akaniitikia kwa kichwa. Nilitamani aniulize mtu mwingine, swali lingine, siku nyingine. Lakini mtani ndiye aliyepewa ruhusa ya kusema lisilosemeka, na yeye alikuwa ananidai haki yake.

"Wako nje, mtani," nikasema. "Huyo Mnyamwezi mwenzio kaingia nyumbani kwao, kawatoa mpaka barazani, nao wanamchekea."

Alicheka. Wallahi alicheka mpaka akakohoa, na Mama Kabula akamshika mgongo. Alipotulia akaniuliza, "Umenikata vizuri?"

"Sikuwasha feni."

"Basi," akasema, akafumba macho, na uso wake ulikuwa na amani.

Msibani nilifanya haki yake. Nilivaa koti lake la zamani la maabara, alilokuwa akilimia, nikapandisha bega moja, nikapita ubavu ubavu mbele ya watu huku nikiwauliza kama kuna aliyeona mzigo wangu. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Padre mwenyewe alitazama chini akizuia midomo. Mtani halii msibani, ndiyo sheria. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya nyumba kulivua koti, na likawa linanuka fomalini bado, miaka yote ile. Hapo nilivunja sheria.

Sasa na mimi nimestaafu, naishi Makorora, hapa hapa Tanga. Nasikia dawa zile zinaanza kuwafikia wagonjwa wachache wa nchi hii. Nasikia mna rangi za kahawia za kuwatambua walinzi mmoja mmoja kwa jina, na kwamba ripoti siku hizi zinaandika kama wapo au hawapo. Nafurahi. Ningependa kumweleza mtu, na mtu mwenyewe ni yule yule. Mtaani kila mtoto ananiambia shikamoo bibi, wananipokea kikapu, wananipisha kiti. Ni adabu njema na nawaombea kheri. Lakini jamani, nimechoka kuheshimiwa. Hakuna anayenitukana.

Mama Kabula bado namtembelea. Naye ni Mnyamwezi wa kambi ile ile, utani wake na mimi ni halali kabisa, lakini kwa upole wake hakuwahi kuutumia hata siku moja. Miaka yote nikipiga hodi hujibu, "Karibu dada," kwa sauti ya chini, na tunakunywa chai tukizungumza habari za wajukuu.

Idi iliyopita nilifika, nikasimama kizingitini, nikapiga hodi. Ndani kulikuwa na mlio wa mchi kwenye kinu. Ukakoma. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia. Ndipo nikasikia sauti yake, inatetemeka, imepandishwa kwa nguvu kama mtu anayenyanyua kitu kizito kuliko yeye:

"Leo hakuna mihogo, Mzigua, rudi kwenu!"

Nilishika mwimo wa mlango. Jibu nilikuwa nalo, nililijibu nusu ya maisha yangu.

"Nimekuja kuona," nikasema, "kama mzigo wa babu zenu umeshatuliwa."

"Bado," akasema Mama Kabula. "Ingia unisaidie kuutua."

Nikavua viatu, nikaingia.